Waliiita Lugha Yake Kelele za Laini

Juzi tulimzika jirani yangu wa Mkonze, hapa Dodoma, muuguzi mstaafu, kijijini kwao upande wa Chemba. Ibada ilikuwa nzuri, lakini nimerudi Dodoma na hasira ambayo haijatulia. Simlaumu Mungu, shinikizo la damu lilikuwa limemsumbua miaka mingi. Nawalaumu waliomuuzia intaneti.

Msomaji wangu, usicheke. Mama huyu aliweka intaneti nyumbani kwa sababu moja tu. Wajukuu wake wanaishi Mwanza, na huko hakuna wa kuwafundisha Kisandawe, lugha yenye sauti za vidoko, zile zinazopigwa kwa ulimi. Kila Jumapili baada ya kanisa aliketi mbele ya simu, akatamka neno, nao wakatazama mdomo wake na kujaribu, wakakosea, wakacheka wote. Kisha picha inaganda na sauti inakatika katikati ya neno. Akipiga huduma kwa wateja, jibu ni lile lile: zima kifaa cha intaneti, subiri, washa. Fundi aliyetumwa hakutoka sebuleni. Alisema kuta ni nene, kifaa kisogezwe dirishani. Tukakisogeza. Tukaunganisha kompyuta yangu kwa waya, intaneti ikakatika vilevile. Siku moja ya upepo mkali nikasimama chini ya nguzo, nikitazama waya unaoingia kwake ukiyumba kwenye kiungo chake cha nguzoni, naye akiwa mlangoni ananitajia taa ya kifaa: "Nyekundu! Kijani! Nyekundu tena!" Kila waya ulipoyumba, taa iligeuka.

Alipiga tena, nami nikiwa pale, sauti ya simu ikiwa wazi. Wakati akisubirishwa, alimgeukia mdogo wake aliyekuja kumtembelea, wakazungumza kikwao. Ghafla yule kijana wa huduma akarudi: "Mama, nasikia laini yako ina kelele, inagongagonga. Tatizo liko kwenye simu yako."

"Kelele gani, mwanangu?"

"Hizo za ko, ko, ko."

"Hizo si kelele. Naongea na mdogo wangu kwa lugha yetu. Wewe andika kwamba waya umelegea kwenye nguzo."

"Mfumo unaonyesha kila kitu kiko sawa, mama."

"Huo mfumo umefika Mkonze?"

Hawakuja. Alijaribu kuendelea kwa simu ya kawaida, lakini watoto walihitaji kuuona ulimi, wakachoka. Kaburini, mjukuu mkubwa alisimama kuwashukuru wazee kwa Kisandawe. Alianza vizuri, wazee wakaitikia kwa furaha, kisha akakwama. Akainamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili, "Samahani. Hapo hatukufika na bibi."

Tunaambiwa nchi inaingia kwenye zama za kidijitali, na sipingi. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na siku hizi tumewaajiri watu wa kumweleza aliyekilalia kwamba hakina kunguni. Mwanamke aliyesikiliza vifua vya wagonjwa maisha yake yote hakupata wa kumsikiliza yeye. Anayelipwa kupokea malalamiko ya watu aanze kwa kuamini kwamba mlalamikaji ana macho na akili, kisha ainuke kitini akaitazame nguzo.