Miguu Yenye Rangi Nyekundu

Juzi kwenye basi la kwenda Harborne, huku ughaibuni, nilimwona msichana mdogo amevaa kandambili, miguu imepakwa rangi nyekundu, na papo hapo nikasikia harufu ya samli na ubani.

Nilipokuwa mdogo kama yeye, mama alikuwa amelazwa hospitali. Jirani yetu wa mtaa wa Newtown, Mama Hansa, Mhindi mzaliwa wa Tanga, alinipeleka hekaluni kwao siku ya mwisho ya sikukuu ya Mata, mungu wao wa kike aliyepanda simba akamuua jini mwenye kichwa cha nyati. Baba, aliyekuwa hataki hata tuonje vitamu vya huko, safari hii alitazama ukutani tu, akaniacha niende.

Kengele zililia. Wasichana wadogo tulikalishwa sakafuni. Mama Hansa aliniosha miguu, akaipaka rangi, akanilisha halua, kisha akainama akaweka paji la uso juu ya vidole vyangu.

“Leo Mata yumo ndani yenu,” alisema huku analia. “Mama, tuachie Zuhura wetu.”

Zuhura alikuwa mama yangu. Sasa najua alikuwa anaongea na Mata. Siku ile nilidhani nimeombwa mimi, na kwamba naweza kumponya.

Hospitalini nilivua viatu, nikapanda kitandani, nikamwekea mama miguu tumboni. Baba hakunikataza.

“Ina baridi,” mama alisema, akaishika kwa mikono miwili.

Nikatulia, nikangoja. Baba alipokuja kunivisha viatu nilimwambia asubiri, sijamaliza. Mikono ya mama ilikuwa bado juu ya miguu yangu, lakini sasa miguu ndiyo iliyokuwa na joto, na mikono ndiyo iliyokuwa baridi.