Namba ya Mwisho ya Kibao

Tangu asubuhi Bi Sentimita hakutulia. Aliingia ukumbini kwenye mkutano wa mafuriko, akatoka, akaingia tena, hata mdogo wake, fundi cherehani, akamvuta mkono. "Dada, kaa basi! Kama umekanyaga siafu!"

Miaka kumi na minane, asubuhi na jioni, mwanamke huyu alishuka mtoni kusoma kibao chenye namba na kuandika kina cha maji daftarini. Jina la utani alilipata kwa kuwa hata ukimuuliza chai iongezwe maji kiasi gani, atakujibu kwa sentimita. Mvua, homa, msiba, hakukosa siku. Alijivunia hilo, na alikuwa na haki.

Mhandisi wa ofisi ya bonde la mto, iliyopokea namba zake, akabandika ramani ukutani. Mvua zimebadilika, alisema. Mafuriko yaliyokuwa yakija mara moja katika maisha ya mtu sasa yatarudi kila baada ya miaka michache. Walio chini ya mstari mwekundu watapewa viwanja mlimani, walio juu yake watabaki. Nyumba ya fundi, aliyehamia huku mwaka juzi, ilikuwa juu kidogo tu ya mstari. Fundi akashusha pumzi, akamfinya dada yake kwa furaha.

Lakini Bi Sentimita alikuwa akitazama ghala la zamani. Kwenye ramani lilikuwa juu ya mstari, kavu. Miaka minne iliyopita aliyaona maji kwa macho yake yakiingia dirishani mwa ghala lile. Kosa alilijua: kibao kinaishia mita nne. Maji yalipokizamisha, siku tatu mfululizo aliandika mita nne, maana alifundishwa asikisie. Nao wa ofisi ya bonde wakaiamini nne yake, wakachora mstari kwa hiyo. Wengine ukumbini walilikumbuka dirisha lile vizuri sana, ila mstari ulikuwa umewaachia nyumba zao, wakakaa kimya kama hawapo.

Angeweza kunyamaza naye. Kazi ile ndiyo ilikuwa heshima yake yote. Akajikuta amesimama.

"Ile nne si kweli," alisema. "Kibao kilizama. Maji yalifika dirisha la ghala."

Watu wakaguna. Mhandisi alimuuliza mara mbili, kisha akachukua kalamu na kuchora mstari mwingine, juu zaidi. Nyumba ya fundi ikawa chini yake.

Fundi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza dada mtu.

"Rangi nimemaliza kupaka mwezi uliopita," alisema. "Kabla sijajenga nilikuuliza, dada. Ukafungua daftari, ukaniambia maji hayapandi kupita mita nne."

"Nilikuambia," alijibu Bi Sentimita, asiweze kumtazama. "Na hata siku ile nililikumbuka lile dirisha, mdogo wangu. Nikajiambia maji yale hayatarudi tukiwa hai."