Salamu ya Paulo mu Panda

Nikifungua sanduku ya bikwembe, nguo za kujifunga, arufu ya nafutalini inanirudisha mu kanisa ya Panda, mutoto mudogo pembeni ya nkambo yangu mwanamuke, bibi yangu. Katekista alikuwa anasoma barua ya Paulo na sauti ya mbuzi ya mafua: “Bandugu, ninabalamukia bote.” Nkambo akasimama, akaitika na Chiluba ya kwetu Kasai: “Eyo, moyo webe, Tatu!” Ni kusema, salamu na kwako, Baba.

“Mama, toka inje!” katekista akapandisha sauti. “Paulo alishakufa zamani. Hakukuandikia weye!”

Ah, nkambo yangu! Hakusogea hata kidogo. “Kama barua haiko yetu, mwana, weye unaifungulia nini?”

Katekista akakohoa. Akarudilia ile salamu polepole, na akatungojea bote tuitike.