Mchanga wa Katikati ya Mto

Masika yale Mto Songwe ulipojaa, nilipanda gari kutoka Tunduma kwenda Isongole kumshauri mama avune mahindi yake ya bondeni mapema, hata kabla hayajakauka. Shamba hilo la ukingoni ndilo pekee lililomlisha. Likiharibika, ingebidi ahamie kwangu mjini, kwenye vyumba viwili vya kupanga, jambo alilolikataa tangu baba afariki.

Mama alikuwa na kipimo chake, kama wakulima wengine wa bonde lile. Mto ukifurika, alichota maji ukingoni kwa kopo, akayaacha yatuame, kisha akatafuna kidogo tope lililobaki chini. Likiwa laini kama unga wa ulezi, mafuriko hayo yalikuwa mbolea; aliyaacha yapite. Likikwaruza meno, alivuna haraka.

"Laini," aliniambia akipangusa midomo. "Mwaka huu tutakula."

Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu mito, peke yangu, jioni baada ya kufunga kibanda changu cha kutengeneza redio. Maji ya ukingoni huenda polepole, hivyo hubeba tope jepesi tu. Mchanga ni mzito; huhitaji nguvu ya maji ya katikati, na mwingi husafiri karibu na chini. Kwa hiyo nilikwenda darajani, nikafunga chupa na jiwe kwenye kamba, nikaitumbukiza.

"Fundi," jirani aliyekuwa akivuka na baiskeli alinicheka, "siku hizi samaki wanajiingiza wenyewe chupani?"

Maji yalipotulia, mchanga ulikuwa umejaa chini ya chupa kwa kina cha vidole viwili. Nikampelekea mama. Aliitikisa chupa, akautazama mchanga ukishuka tena.

"Sikatai, baba. Lakini huu ni wa katikati. Shamba langu liko pembeni."

Alichosema kilikuwa kweli, na kwa miaka mingi kilikuwa kimetosha.

Kesho yake ukingo ulimeguka juu kidogo ya shamba. Mto ukakata kona, na yale maji ya katikati yakapita kwenye mahindi. Yalipotanuka bondeni yalipoteza kasi, yakabwaga mchanga wote. Maji yalipoondoka, mabua yalikuwa yamefukiwa hadi usawa wa mahindi yenyewe, na bonde lilikuwa jeupe.

Mama hakulia. Alinipa jembe.

"Chimba, tuone udongo wetu uko wapi."

Mchanga uliporomoka kila nilipochimba, nikaacha jembe, nikalala kifudifudi na kuendelea kwa mkono.

"Umefika?"

"Bado, mama."

Hatimaye vidole viligusa udongo mweusi, wa baridi. Mkono ulikuwa umezama hadi begani. Mama alilitazama bega langu, kisha akauangalia upana wa shamba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Gari la Tunduma," akauliza, "linaondoka saa ngapi?"