Simu Ndani ya Ngatu ya Telesia

Shangazi Kalolaine akiamka, kabla ya kutafuta kandambili anatafuta simu. Aliwahi kuweka mtandaoni picha ya nguruwe wake, kisha akashinda anachungulia ni wangapi wameipenda. Hata kanisani aliificha simu ndani ya kitabu cha nyimbo. Mimi ni mtoto wa kaka yake, na kwetu Tonga shangazi hakemewi. Nilitazama tu.

Taabu ilikuwa gogoni. Wanawake wanne hugonga magome juu ya gogo kwa nyundo za mbao, ko-ko-ko-ko, mpaka gome linakuwa jembamba kama nguo. Hiyo ndiyo ngatu. Shangazi akichungulia simu, inasikika ko-ko-ko, halafu pengo. Kijiji kizima kinajua.

"Kalolaine kaitwa tena huko!" majirani wanacheka barabarani.

Mama Fusi, mkubwa wa kikundi, akachoka. "Shoga, ngatu hii ni ya arusi ya Telesia. Ni mwanao, si wangu. Nikiiona simu hapa tena, tunakwenda zetu. Umwoze binti yako juu ya mkeka mtupu."

"Naiacha nyumbani. Mungu shahidi!"

Siku mbili aliiacha kweli, vidole vikimwasha. Siku ya tatu tulikuwa tunagandisha matabaka mawili kwa uji wa muhogo. La chini limeshatandazwa. Nikamwona anaitoa simu kifuani. Mama Fusi akageuka, shangazi akaidondosha pale pale juu ya lile tabaka, akatazama juu kama anayesali.

Mama Fusi aliiona. Naapa aliiona.

"Leteni tabaka la juu!" akasema. Likatandazwa, likasuguliwa.

"Mbona hapa pana kinundu?" akauliza mmoja.

"Fundo la gome hilo." Mama Fusi akatoa simu yake mwenyewe kwenye kikapu, akabonyeza.

Ngatu ikanguruma.

"Kalolaine, nguo yako ina njaa?" akauliza Mama Fusi.

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Fusi hakucheka. Alileta kisu. "Haya. Chana, chukua simu yako, sisi tuondoke. Au iache humo, tumalize."

Kazi ya miezi miwili, na arusi Jumamosi. Shangazi alikikodolea macho kile kinundu. Kikanguruma tena. Mkono wake ukanyanyuka, ukabaki hewani, ukarudi pajani.

"Sugueni," akasema, kwa sauti ya mfiwa.

Kazi iliyobaki aliifanya bila kuinua kichwa. Kile kinundu kilinguruma siku moja na nusu, kikanyamaza.

Jumamosi ndugu wa bwana arusi waliikunja ile ngatu waliyozawadiwa na kuipakia garini, watu sita.

"Nzito kweli! Hongereni!" akasifu bibi mmoja.

"Hatukubania kitu," shangazi akajibu, akawapungia mkono mpaka gari likakata kona. Kisha akanisogelea, mpole kama mgonjwa.

"Mwanangu, nipe simu yako kidogo. Nione saa tu."

"Saa nane na robo!" akasema Mama Fusi nyuma yetu.