Sufuria la Siku ya Nne

Leo nimeingia msibani na sufuria la biriani la watu arubaini, na msibani hamna mtu.

Mama yake shoga yangu Zuwena alifariki mie niko Salalah kikazi. Niliporudi Maskati nikahesabu siku tatu za matanga tangu nilipopata khabari. Kumbe khabari yenyewe ilinifikia siku ya pili ya msiba!

Nimefika kwao Mabela, mlangoni hamna hata kiatu. Kafungua Zuwena mwenyewe, macho yamemvimba.

"Matanga yameanuliwa jana," kanambia. "Hilo sufuria la nani?"

Uso wangu sikujua niuweke wapi.

"Letu sisi wawili."

Akacheka. Kisha akalia, palepale mlangoni, na mie sufuria linaniunguza mikono, sithubutu kulitua.

Tukala. Anasema siku tatu nyumba ilijaa, kila anayeingia anamhimiza subira, na hamna hata mmoja aliyemuuliza mamake alikuwa mtu gani.

Nikamuuliza.

Kazungumza mpaka adhana ya alasiri. Mie nilikuwa na kazi zangu. Zilale.

Wakati wa kuaga nikataka sufuria langu. Kakataa kunipa!

"Libakie hapa. Ulifuate kesho."

Nyie mliomwambia "tuko pamoja" jana mkaondoka na viatu vyenu: biriani bado ipo, na Zuwena yupo peke yake. Mnangoja nini?

Mie kesho nalifuata sufuria langu.

Na wallahi nitalisahau hukohuko, makusudi.