Jongoo Ndani ya Beseni

Juzi, katika shule ya mwanangu Mbarara, niliona jongoo wakifugwa ndani ya sanduku la kioo, nikakumbuka wangu wawili wa utotoni, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Niliwatengenezea makao ndani ya beseni bovu, kwa udongo mweusi, gome na majani ya mgomba yaliyooza. Mlikuwa na harufu ya mvua.

Alasiri moja sikuwaona. Nilimshuku shangazi, aliyewachukia. Kuku wake walikuwa wakichakura karibu.

“Shangazi, bajongoo bangu ulibapa kuku!”

“Hapana, mwanangu. Ile fasi ya beseni sikuigusa.”

Sikumwamini. Kwa hasira nilimwaga udongo wote juani. Jongoo wangu wakaanguka, weupe, laini, wakafa. Nilidhani shangazi kawawekea sumu.

Kumbe jongoo hujizika ili ajivue ngozi, na akifukuliwa akiwa bado laini hufa. Mwalimu wa mwanangu ndiye aliyenieleza hiyo juzi. Nikampigia shangazi simu kuomba msamaha.

“Sasa unaniamini?” akauliza.